Usiyamwage, Anza Tena

Raho aliuza maziwa ya ngamia katika soko la Garissa. Asubuhi alipokea madumu kutoka kwa wafugaji, akauza mpaka adhuhuri. Alasiri alikwenda kwenye darasa la watu wazima. Alikuwa na miaka thelathini, na mwaka huo ndipo alipojua kusoma.

Mwishoni mwa mwaka 1997 mvua ilinyesha kupita kiasi. Mto Tana ukafurika. Vyoo vilijaa maji na visima vikachafuka. Watoto wengi mtaani walianza kuharisha. Idil, binti wa Raho mwenye mwaka mmoja na nusu, naye akaharisha.

Raho alimpeleka zahanati. Muuguzi alimpa pakiti nne za ORS, ile chumvi yenye sukari inayorudisha maji mwilini. Akachora mstari kwenye jagi alilokuja nalo Raho kuonyesha kiasi cha maji. Foleni ilikuwa ndefu, hivyo badala ya kumweleza akampa karatasi ya maelekezo.

"Unajua kusoma, mama?"

"Najua," alijibu Raho. Alifurahi kulisema neno hilo.

Nyumbani alisoma polepole: "Mpe kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha anza tena."

Alichemsha maji, akayapoza, akachanganya pakiti ya kwanza. Idil alikunywa vijiko vinne, akatapika. Raho alisoma karatasi tena. Akamwaga maji yote yaliyokuwa kwenye jagi, akaliosha, akachemsha mengine, akafungua pakiti ya pili. Idil alitapika tena. Raho akamwaga tena. Kufikia saa nane mchana alikuwa amemwaga pakiti tatu, na Idil hakuwa na nguvu ya kulia.

Arbia, mama mkwe wake, alikuwa akitazama.

"Acha kumpa maji," alisema. "Kila ukimpa, yanatoka."

Raho alikiweka kijiko chini. Hakujua la kufanya.

Wakati huo aliingia jirani yao, Abshiro. Alikuwa amefunzwa kutembelea nyumba zenye wagonjwa.

"Assalamu alaykum. Nimesikia mtoto anaumwa."

"Wa alaykum salaam. Karibu, abaayo," alisema Raho. Ndivyo wanawake wa pale wanavyoitana, kama dada.

Abshiro alimpakata Idil, akamwangalia macho na mdomo. Akavuta kidogo ngozi ya tumbo, akaiachia aone itarudi upesi kiasi gani.

"Macho yameingia ndani na mdomo umekauka," alisema. "Lakini anatutazama, na anataka kunywa. Bado tuna nafasi. Amekunywa kiasi gani?"

"Labda vijiko kumi."

"Tangu asubuhi? Na pakiti?"

"Imebaki moja. Tatu nimezimwaga."

"Kwa nini?"

Raho alimpa karatasi. "Imeandikwa anza tena. Nimeanza tena mara tatu."

Abshiro aliisoma mpaka mwisho.

"Karatasi haikusema uanze nini," alisema. "Ukiwa unapika anjera, halafu mgeni akabisha hodi, unafanya nini?"

"Naacha kupika, namkaribisha."

"Akiondoka?"

"Naanza tena kupika."

"Unamwaga unga ulioukoroga?"

"La. Napika ule ule uliobaki."

"Basi ni hivyo. Ulichosimamisha ni kumpa. Kwa hiyo unaanza tena kumpa, unaendelea pale ulipoachia. Maji ni yale yale. Wangetaka uchanganye mengine, wangeandika anza upya."

Raho alijifunika uso kwa shungi. "Nami nilijiona najua kusoma."

"Umesoma vizuri," alisema Arbia taratibu. "Hata mimi ningeyamwaga."

"Kesho ndiyo utaanza upya," aliendelea Abshiro. "Siku moja ikipita, mwaga yaliyobaki, osha jagi, changanya pakiti mpya. Na kunyonyesha usiache hata kidogo."

Walichanganya pakiti ya mwisho. Raho alimpa Idil kijiko kimoja, cha pili, cha tatu. Akatapika.

Arbia akanyoosha mkono kuchukua jagi.

"Liache, mama," alisema Raho.

Alilifunika kwa sahani. Abshiro alitazama saa yake. Dakika kumi zilikuwa ndefu sana siku hiyo. Kisha Raho akaanza tena, polepole zaidi. Kijiko kimoja, anapumzika. Kijiko kingine, anapumzika. Idil hakutapika.

Waliposali alasiri, nusu ya jagi ilikuwa imekwisha. Jua lilipokuwa likishuka, Arbia aliyekuwa amempakata mjukuu wake alihisi joto mapajani. Nguo yake ilikuwa imelowa.

"Amekojoa," alisema. "Alhamdulillahi, amekojoa."

Raho aliketi chini akacheka, huku machozi yakimtoka.

"Maji sasa yanakaa mwilini," alisema Abshiro. "Nitakuletea pakiti nyingine asubuhi. Lakini akikataa kunywa, akilegea, au ukiona damu kwenye choo, usiningoje. Nenda hospitali papo hapo."

Haikuhitajika. Siku ya tatu Idil alikula uji na kuomba mwingine.

Wiki iliyofuata Raho na Abshiro walikwenda zahanati na karatasi ile. Muuguzi aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kalamu, akafuta maneno matatu ya mwisho, akaandika mengine juu yake.

"Soma uone kama inaeleweka," alimwambia Raho.

Mama mmoja aliyekuwa nyuma yao na mtoto mgongoni alisogea karibu. Raho akamgeukia, akasoma kwa sauti ili naye asikie:

"Akitapika, ngoja dakika kumi. Usiyamwage maji yaliyobaki. Endelea kumpa yale yale, polepole."