Jina Kwenye Nakala ya Kumi na Tisa

Ukurasa mmoja ulikuwa umekunjwa pembeni. Basi, ni hilo tu. Kona ndogo, vile wewe na mimi hukunja usingizi ukitushika ili kesho tujue tulipofika. Lakini kitabu chenyewe kilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ulikuwa ndani ya kabati la vioo, na ufunguo wa kabati ulikuwa shingoni mwa Ngigi, hata akioga.

"Nani amefungua kabati langu?" aliuliza.

"Nifungue nitafute nini?" mkewe Wangechi akajibu kutoka jikoni. "Sukuma wiki?"

Sasa huyu Ngigi, mniwie radhi, lazima nimseme. Kazini alikuwa meneja wa duka la vigae pale Kamakis. Nyumbani, katika nyumba yao ya kupanga huko Gatongora, alikuwa mkusanyaji wa vitabu. Si vitabu vyovyote. Alitaka vya kutisha, na vile vya kubuni vyenye vyombo vya angani na watu wa sayari nyingine, tena lazima viwe vya toleo la nakala chache, vimetiwa sahihi na mwandishi kwa mkono wake, na nambari imeandikwa: nakala ya saba kati ya hamsini, nakala ya tatu kati ya mia. Alikuwa navyo mia mbili na kumi na vinne. Alikuwa amesoma vingapi? Hata kimoja. Kusoma, alisema, ni kazi ya watu wenye vidole vya mafuta ya chipsi. Kitabu kikifunguliwa mgongo huvunjika, na mgongo ukivunjika hicho si kitabu tena, ni karatasi ya kufungia maandazi. Ukimwambia umesoma riwaya fulani ukaipenda, alikutazama kama mtu anayejisifu kwa kula sabuni.

Binti yao Gathoni, wa miaka minane, aliwahi kuchora nyota ndogo kwa penseli kwenye jalada la kitabu kimoja. Ngigi alimkalisha mezani tangu chakula cha mchana hadi jua likazama, mtoto akifuta kwa raba, yeye amesimama nyuma yake. "Hata mbuzi anajua kitabuni hakuandikwi," alimwambia. Tangu siku hiyo Gathoni alitembea na raba mfukoni. Na ukimwita aliitika papo hapo, kwa sababu baba yake hakupenda kuita mara mbili.

Kitabu chenye ukurasa uliokunjwa kilikuwa kimetoka Thika, kwa Fatu, mjane wa Majengo. Mumewe Abdulkarim alikuwa fundi wa kushona na kujalidi vitabu. Miaka thelathini iliyopita mwandishi mmoja alimletea hadithi yake ya majini, amshonee nakala hamsini. Arobaini na tisa hazikuwa na neno. Siku ya kushona ile ya kumi na tisa, jini liliingia pamoja na uzi.

"Lina njaa ya mtu," Fatu alimweleza Ngigi, kwa sauti ya chini kama mtu aliye karibu na mgonjwa. "Likikosa mwenyewe linatafuta. Kwa hiyo mwandishi alipotia sahihi yake akaandika juu: Kwa Abdulkarim. Likawa na mtu wa kuita. Miaka thelathini lilimwita mume wangu kwa sauti za watu anaowapenda, na hakuitika hata siku moja. Akiitwa, anaongeza redio. Sasa amekufa, na maiti haitiki, wacha liite mpaka kiama. Hakuna kufuli nzuri kama hiyo. Lakini hapa nina wajukuu wenye mikono mirefu. Nimekuchagua wewe kwa sababu niliambiwa vitabu vyako havifunguliwi. Jina tu usiliguse, mwanangu."

"Sawa, mama," Ngigi alisema, na moyoni akacheka kutoka Thika mpaka Ruiru.

Mnaona, kwa hawa wakusanyaji sahihi tupu ndiyo kila kitu. Sahihi yenye jina la mtu mwingine juu yake ni suti ya mtumba yenye jina la marehemu kwenye kola. Na wakusanyaji wenzake walikuwa wakutane Jumapili ya wiki iliyofuata katika hoteli moja hapo Ruiru, kila mtu na fahari yake, na Ngigi alikuwa ameshawaona, katika mawazo yake, wakisoma "Kwa Abdulkarim" na kubana midomo. Akanunua wembe mpya. Akavaa glavu zake nyeupe. Akakwangua pole pole, nusu saa nzima, mpaka karatasi ikabaki nyeupe na sahihi peke yake chini yake. Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini hilo nalo limo vitabuni, na Ngigi hasomi.

Kesho yake ndipo akaona ule ukurasa uliokunjwa.

Halafu zikaja sauti. Si usiku, wala msingoje usiku. Zilikuja saa tisa mchana, jua limewaka, majirani wanaanika nguo. Ndani ya kabati lililofungwa kurasa zilikuwa zinafunuliwa, moja, kisha kimya cha kutosha mtu kusoma, kisha nyingine. Na harufu ilikuja nayo, ya gundi ya ngozi inayochemka, na udi kwa mbali. Wangechi alifungua madirisha yote na harufu ikabaki palepale.

Jumatatu Gathoni alikuwa mezani akifanya kazi ya shule, mama yake jikoni. Kutoka sebuleni sauti ya Ngigi ikauliza, "Ni nani huyo?"

"Ni Gathoni, baba," mtoto akajibu.

Wangechi alitoka kumsalimia mumewe. Sebule ilikuwa tupu. Ngigi alikuwa Kamakis, akibishana na mteja juu ya vigae vya bafu.

"Nilikusikia kwa masikio yangu," Wangechi alimwambia jioni, akinong'ona ili mtoto asisikie. "Ilikuwa sauti yako, baba Gathoni. Ila ilikuwa na upole."

"Na wewe umeanza kuwa kama hao wasomaji," Ngigi akasema. Mtu ana vitabu mia mbili na kumi na vinne vya majini na mazimwi, na mkewe akitaja sauti isiyo na mtu anacheka kwa pua.

Alicheka mpaka Jumanne. Jumanne alifungua nakala ya kumi na tisa aifurahie, akakuta juu ya sahihi, kwa wino ule ule na mwandiko ule ule, herufi moja: G. Akafikiri hakukwangua vizuri, ingawa jina alilokwangua halikuwa na G, akachukua wembe, na wembe ukateleza juu ya wino kama juu ya kioo. Siku hiyo hiyo Wangechi alikuwa akikunja sweta la shule la Gathoni. Jina la mtoto alikuwa amelishona mwenyewe kwa uzi mwekundu ndani ya kola. Sasa lilisomeka "athoni". Uzi wa herufi ya kwanza haukuwepo, yalibaki matundu ya sindano.

Jumatano kitabu kilikuwa na herufi mbili na sweta limepungukiwa mbili. Alhamisi zikawa nne, na mwalimu alipoita majina darasani alimruka Gathoni bila kujua amemruka, na jirani aliyemjua tangu azaliwe alisimama mlangoni akimtazama na kusema, "Njoo, wewe... wewe nani vile," na sauti ya mtoto ikawa nyembamba, ikawa inatoka kama iko chumba cha pili hata akiwa amekukalia mapajani, na Wangechi mwenyewe, aliyembeba miezi tisa, akajikuta anasimama katikati ya nyumba mdomo wazi akilitafuta jina lile kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, akilipata, akilishika, akilirudia chini chini huku anapiga simu Thika kwa Fatu ili lisimponyoke tena.

Fatu alifika alasiri hiyo hiyo. Alikuwa na mtoto wa jicho, akaongozwa kwa mkono hadi kwenye kiti. Hakuuliza kitabu kiko wapi. Alinusa.

"Ulilifuta," alisema.

Ngigi akaushika ufunguo shingoni.

"Nilikuambia. Nilikuambia kwa mdomo huu. Ulidhani nakuimbia?" Kisha akashusha sauti, kwa sababu ndani ya kabati ukurasa ulikuwa umefunuliwa. "Sikiliza sasa. La marehemu haliwezi kurudi. Mkono uliokwangua ndio uandike, na uandike jina lake wenyewe. Jina lako wewe, kwa wino. Litamwacha mtoto. Litakuita wewe mpaka ufe, na wewe usiitike. Si kazi ngumu. Nunua redio."

"Kwa wino?" Ngigi akauliza.

"Mtoto wako anakwisha na unaniuliza kalamu?" Fatu akasema.

"Andika," Wangechi alisema. Alikuwa amemkumbatia Gathoni, uso wa mtoto kifuani mwake. "Tafadhali, Ngigi. Andika."

Ngigi aliwapa mgongo, akakifungua kitabu. Akasita, na mimi sitamsitiri: hakusita kwa ajili ya jini. Alisita kwa ajili ya kalamu ya wino juu ya karatasi ile. Jumapili ilikuwa siku tatu mbele. Wakusanyaji wakilazimika kuandika ndani ya kitabu hutumia penseli, nyepesi, inayofutika. Akaitoa penseli ya dukani mfukoni. Jina ni jina, akajiambia. Jumapili asubuhi angelifuta, jioni angelirudisha, nani angejua? Akaandika: Ngigi.

Herufi nne za wino zikazama katika karatasi kama maji mchangani. Harufu ikakatika. Gathoni akainua kichwa, akasema kwa sauti yake yote kwamba ana njaa, na Wangechi akalia.

"Ni wino?" Fatu aliuliza, macho yake meupe yakimtafuta.

"Ni wino, mama."

Ijumaa sweta lilikuwa na jina zima. Mara mbili Ngigi alisikia mama yake, aliyezikwa zamani, akimwita kutoka kabatini, akabana meno, hakuitika. Hata alijiona shujaa. Jumamosi mchana alikitoa kitabu, akakiweka mezani juu ya kitambaa safi ili akifunge vizuri kwa safari ya kesho, na simu ikalia. Alikuwa mkusanyaji mwenzake. Ngigi akatoka nayo kwenye roshani.

Huko alijisahau. Alisema kesho watu watameza mate. Alisema juu ya fulani ambaye husoma vitabu vyake kitandani, tena akila njugu, wakacheka wote wawili mpaka Ngigi akashika ukuta.

Alipokata simu Gathoni alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amenawa mikono, maji bado yanamdondoka kwenye viwiko, na alikuwa amevaa glavu nyeupe za baba yake, kubwa, vidole vinaning'inia. Katika kiganja kimoja alikuwa na raba.

"Baba, usikasirike," alisema. "Si mimi. Kuna mtu alikuwa ameandika kwenye kitabu chako kwa penseli. Lakini nimekifuta, hakijachafuka. Hata vumbi nimelipuliza."

Alingoja kusifiwa. Uso wake wote ulikuwa unangoja hilo.

Ngigi alitazama juu ya kichwa chake, mezani. Kitabu kilikuwa wazi, na wino ulikuwa ukitembea juu ya sahihi, haraka sasa, si herufi kwa siku, herufi zote saba mfululizo hadi ya mwisho. Alitaka kumwambia usiitike, chochote utakachosikia usiitike, lakini kabla neno halijatoka, kutoka sebuleni sauti yake mwenyewe, sauti ya Ngigi, kwa upole ambao yeye hakuwahi kumpa mtoto yule hata siku moja, iliita.

"Gathoni."

"Naam, baba," akaitika, mwito wa kwanza, na akageuka akakimbilia ndani.

Ndani hakukuwa na mtoto, ila glavu mbili sakafuni, bado zimefumba kana kwamba zina mikono ndani. Raba ilibingirika hadi chini ya meza.

Wangechi akatoka jikoni akifuta mikono kwenye leso, akatazama huku na huku kwa uso wa mtu aliyeingia chumbani akasahau alilofuata. "Nimekusikia unaita," alisema. "Ulikuwa unamwita nani?"

Ngigi alifungua mdomo kumtaja binti yao. Hakukuwa na jina. Alilitafuta kichwani kote, alijua tu lilikuwepo na kwamba yeye ndiye aliyempa, na halikuwepo popote isipokuwa pale mezani, juu ya sahihi. Ikambidi aende akasome.