Moja Kati ya Thelathini

"Amepata moja," daktari alisema, akaweka kalamu mezani. "Moja tu kati ya thelathini."

Mshonaji akamtazama mumewe aliyekaa kando yake. Huu ulikuwa mwezi wa nne tangu mumewe aanguke na pikipiki, akazinduka hospitalini akidai hamjui mkewe. Mama yake anamjua. Rafiki zake anawajua. Mke tu ndiye aliyefutika! Kila asubuhi mshonaji alimwogesha, akamvalisha, akamwambia, "Mimi ni mkeo, tuna miaka sita ya ndoa." Naye akamkodolea macho tu.

"Kwa hiyo ubongo wake umekwisha, daktari?"

"Hapana, dada. Kuna kusahau kwa kugongwa kichwa, na kuna kusahau kwa mshtuko wa akili. Nimepima yote mawili. Nilimwonyesha picha thelathini, kisha nikamwekea mbilimbili, moja aliyoiona na moja mpya, achague aliyoiona. Aliyesahau kweli hubahatisha, hupata kama nusu. Ili ukose karibu zote..."

"Lazima uwe unazijua," mshonaji akamalizia.

Mume akaanza kukagua kucha zake. Lo, mwanamume mzima!

Simu yake ikatetemeka ndani ya pochi ya mkewe. Alimshikia tangu waingie kupimwa, maana mume alidai amesahau hata kuitumia. Ujumbe ulitoka kwa "Fundi Bomba". Mshonaji akausoma kwa sauti:

"Mpenzi, bado hajachoka akaondoka? Mimi nimechoka kusubiri."

"Mke wangu, nisikilize..."

"Ahaa! Leo ndiyo unanijua?"

"Sikutaka kukuumiza. Nilijua ukichoka utaondoka mwenyewe, watu wasiseme nimekuacha."

Mshonaji akaitazama mikono yake. Mwili wa mumewe aliusugua kwa mikono hiyo, miezi minne, huku mume akihesabu siku za yeye kuondoka.

"Nakupenda, mke wangu. Nipe nafasi nyingine."

"Koma! Ungekuwa umenisahau kweli, ningekulea mpaka nizeeke. Lakini ulinijua. Ukakaa unanitazama nikikulilia unikumbuke! Unanitia kinyaa, tena kinyaa cha kutapika."

Akamtupia simu mapajani, akamgeukia daktari.

"Maji ya kunawa yako wapi?"

Akanawa kwa sabuni mpaka viwikoni, mara mbili, akajifuta kwa upande wa gauni lake, akatoka bila kugeuka.

"Sasa daktari," mume akanong'ona, "mimi nitarudi nyumbani na nani?"

Daktari akainuka, akamfungulia mlango.

"Njia unaikumbuka."