Kubadhi la Kulia

Hebu niambie, wewe mjuaji: marehemu anashona?

Graduates tuliambiwa tujiajiri. Rafiki yangu Najat akajiajiri hapa Tanga, kushona makubadhi ya ngozi na shoga yake Shamsiya. Najat alishona mguu wa kushoto, Shamsiya wa kulia, ili mmoja asiweze kuuza bila mwenzake. Masika, Shamsiya akatumbukia kwenye mtaro usio na mfuniko. Wakubwa wa mji wakamtafuta siku mbili wasimpate, wakamwaga zege juu ya mtaro, case closed.

Kichwa cha Najat kikakauka. Jumanne hii tu ndipo likamjia ua jipya la kupamba, akalishona kwenye kubadhi la kushoto, hakumwonyesha mtu. Alasiri akaingia nalo stoo isiyo na dirisha kutafuta ngozi. Umeme ukakatika. Gizani nyundo ikagonga mara tatu, kimya, mara tatu. Ndivyo Shamsiya alivyokuwa akigonga ngozi.

“Shoga, usinitanie,” Najat akasema. “ Mwenzio roho ndogo.”

Umeme uliporudi, miguuni pake palikuwa na kubadhi la kulia, ua lilelile, limelowa tope jeusi la mtaro.

Sasa nyundo inagonga chini ya zege, mchana kweupe. Nyie mliotia sahihi limwagwe, njooni mlivunje.