Mashujaa Walioachwa Wamesimama

Kila asubuhi, kabla sijavaa sare za shule, kazi yangu ya kwanza ni kumletea shangazi mguu wake. Huwa anauegemeza ukutani nyuma ya mlango, ukiwa na soksi yake na kiatu chake. Mguu wa kuzaliwa nao aliuacha vitani, siku alipokanyaga bomu lililofukiwa ardhini akiwa anavuta waya wa mawasiliano. Sasa ni fundi wa redio, na mtaa mzima unamwita Sajini. Akisema "njoo", hata mbwa wa jirani huja.

Asubuhi hiyo, alipokuwa akifunga mikanda ya mguu, niliona kidonda chini ya goti, chekundu, kikubwa kama kifuniko cha chupa.

"Shangazi, kidonda kimefunguka!"

"Kimefunguka, hakijaniua. Muuguzi amesema nisisimame muda mrefu, basi. Nitakaa."

Siku hiyo shule yetu ilikuwa inawaenzi wanajeshi wastaafu wa mtaani. Walialikwa watano, na mwanamke alikuwa shangazi peke yake. Mimi nilichaguliwa kuwa mshereheshaji, baada ya kuwashinda wenzangu kumi na wawili kwa kusoma kwa sauti.

"Nitamwambia mwalimu mkuu usisimamishwe," nilimwahidi.

"Umwambie kweli. Mimi mwenyewe siwezi kuomba. Nikiambiwa simama, nitasimama."

Nilimkuta mwalimu mkuu uwanjani, jasho linamtiririka, akifokeana na mafundi wa turubai. Alinitupia kadi ya ratiba mkononi.

"Soma kilichoandikwa humo, neno kwa neno. Ukiongeza hata 'jamani' moja, kipaza sauti nampa mwingine. Umenielewa?"

Huyo mwingine alikuwa amesimama pembeni, amejipaka mafuta mpaka anang'aa, anasubiri nikosee. Nilitaka kumwambia habari za kidonda cha shangazi, lakini nikakitazama kile kipaza sauti.

"Nimeelewa, mwalimu," nikajibu.

Mgeni rasmi alichelewa saa moja na nusu. Alipofika, aliketishwa meza kuu, chini ya turubai. Wastaafu walikuwa mbele yetu kwenye benchi, juani, kwa sababu turubai halikutosha. Halikutosha! Lilifunika walimu wote, lilifunika vikombe vya chai, likafunika hata baiskeli ya karani.

Nilisoma kadi yangu bila kukosea. "Sasa tunawaomba mashujaa wetu wasimame, tuwapigie makofi."

Walisimama wote watano kwa mpigo mmoja. Makofi yakalia, vigelegele vikafuata. Nikatazama mstari wa chini yake. Uliandikwa: "Namkaribisha mgeni rasmi atoe hotuba yake." Nikageuza kadi, upande wa pili ulikuwa mtupu. Hapakuwa na mstari wa kuwaambia wakae.

Nikamkaribisha mgeni rasmi.

Mtu wa kawaida akisimamishwa akachoka, hujikalia zake. Askari hafanyi hivyo, hata akistaafu. Wale watano walibaki wima, mikono ubavuni, wakisubiri kuambiwa. Mgeni rasmi alizungumza juu ya ujasiri, akazungumza juu ya kujitolea, akarudi tena kwenye ujasiri. Watu wakatoa simu wakawapiga picha wazee wale. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Tazama nidhamu hiyo!"

Nidhamu! Nilitamani kumgeukia nimwambie anyamaze. Mzee wa mwisho alikuwa anatetemeka juu ya mkongojo wake kama jani, na mama yule anaona nidhamu.

Dakika kumi zikapita. Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawa moto. Nilimkasirikia mgeni rasmi, ambaye hakugeuka hata mara moja kuwatazama aliokuwa akiwasifu. Nilimkasirikia mwalimu mkuu, aliyekuwa akiitikia kila sentensi kwa kichwa. Nilitafuta wa kulaumu nikawapata wengi. Kisha shangazi akanitazama. Hakukunja uso wala hakuniita kwa mkono, alinitazama tu. Hapo nikakumbuka nani alitoa ahadi asubuhi, na hasira zote zikanigeukia mimi mwenyewe.

Bado sikusema kitu. Niliogopa. Zilipotimia dakika ishirini, doa la damu likajitokeza kwenye suruali ya shangazi, chini ya goti.

Nikakiinua kipaza sauti changu, nikapaza sauti kama yeye anapowafukuza watoto karibu na redio zake.

"Mashujaa, kaeni!"

Walikaa. Wote watano, kwa mpigo mmoja. Mgeni rasmi alikatika katikati ya neno "heshima", akabaki mdomo wazi. Mwalimu mkuu alinijia mbio.

"Umepandwa na nini wewe? Unatuaibisha mbele ya mgeni?"

"Mwalimu, tazama suruali ya shangazi."

"Nimekuuliza, umepandwa na nini?"

"Na hasira!" nilisema, na kipaza sauti kilikuwa hakijazimwa. Uwanja mzima ulisikia. "Wamesimama dakika ishirini juani, na watu wanawapiga picha! Na mimi nilijua. Shangazi ana kidonda. Nilimwahidi kwamba nitakwambia, na sikukwambia, kwa sababu nilikitaka hiki kipaza sauti!"

Mwalimu mkuu aligeuka, akaliona doa. Alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Kadi niliiandika mimi," alisema polepole.

Muuguzi aliitwa. Walimu walilifungua turubai wakalihamishia kwa wastaafu, na chai ikahamia huko pia. Mgeni rasmi alimalizia hotuba juani. Aliimaliza haraka sana.

Baadaye, ofisini, kidonda kikiwa kimesafishwa na kufungwa, nilipiga magoti mbele ya shangazi.

"Nisamehe, shangazi."

"Sijakusamehe bado. Nina hasira, na nitakuwa nazo mpaka jioni. Inuka, usichafue sare."

Akamgeukia mwalimu mkuu. "Mwalimu, makofi tumeyasikia, na tunashukuru. Lakini katika maandalizi yote hayo, nani alikuja kutuuliza hali zetu? Ukitaka kumheshimu mtu, muulize kwanza anaweza nini na anahitaji nini. Kisha msikilize. Hilo halihitaji turubai."

"Ni kweli, Sajini," mwalimu mkuu alisema. Alivuta kiti, akakaa mbele yake, akachukua kalamu. "Basi naanza sasa. Na wenzako wote nitawafuata nyumbani kwao wiki hii, mmoja mmoja, niwaulize."

Shangazi aliitikia kwa kichwa. Kisha akaninyooshea kidole mimi.

"Na wewe. Jeshini mimi nilikuwa mtu wa redio. Kazi yangu ilikuwa kusema ninachojua, wakati ule ule ninapokijua, hata kama mkubwa atafoka. Leo umesema kweli mbele ya watu wote, na haikuwa rahisi, nimekuona. Lakini kweli uliyoisema mchana ni ile ile uliyokuwa nayo asubuhi. Haikuongezeka kitu. Kilichoongezeka ni kidonda changu."