Flashi ya Dada

"Ukichomeka flashi ngeni pale ofisini kwenu, kompyuta inaikataa na wakubwa wanapata habari hapo hapo," alisema Kipara. "Inayokubalika ni moja tu. Ya dada yako."

Chumba cha nyuma cha duka lake la simu kilikuwa na joto. Fundi wa viyoyozi alimfikiria dada yake. Dada huyo ndiye aliyemsaidia mama kumlea. Ndiye aliyembembeleza bosi wake mpaka Fundi akapewa kazi ya viyoyozi pale ofisini. Leo amlipe hivi? Lo!

"Akifukuzwa je?"

"Afukuzwe na nani? Si umesema mwenyewe kila mchana ananakili mafaili ya wateja? Wewe nakili, mpitishie Dereva flashi kwenye tundu la bomba la kiyoyozi; atakuwa nje na pikipiki. Anahamishia kwenye laptopu, anakurudishia, unaiweka mkobani. Basi. Acha woga, bwana, jioni unapata mgao wako."

Saa saba mchana, ofisini. Fundi alikuwa juu ya ngazi, kiyoyozi kiko wazi mbele yake.

"Niangalizie mkoba, mdogo wangu. Naenda kula."

Dada akatoka. Angekuwapo mtu mwingine chumbani, angefunga kompyuta kwanza. Kwa mdogo wake hakufunga.

Saa saba na robo. Fundi alishamaliza kunakili, akapanda tena ngazi na kupitisha flashi tunduni. Mkono wa Dereva ukaipokea kwa nje.

Saa saba na nusu. Flashi haijarudi.

"Oya, Dereva! Rudisha basi!" Fundi aliita tunduni.

Huko nje pikipiki iliwaka, ikaondoka. Alimpigia Kipara, simu imezimwa. Mpango wa kurudisha haukuwapo tangu mwanzo. Wamemwuza, na yeye kashamwuza dada yake.

Mlango ulifunguliwa. Msimamizi wa kompyuta, walinzi wawili, na dada katikati yao.

"Kompyuta inaonyesha flashi yako imebeba mafaili ya wateja wote, hata ya miaka ya nyuma," msimamizi alimwambia dada. "Iko wapi?"

"Mimi? Nilikuwa nakula jamani!" Dada alicheka, akaingiza mkono mkobani. Akapekua. Akapekua tena. Kisha taratibu akainua macho, akamtazama mdogo wake juu ya ngazi.

Fundi alifungua kinywa. Sema, mwanaume wewe, sema!

"Nimeipoteza," dada alisema. "Ni uzembe wangu. Huyu msimguse, hata kuwasha kompyuta hajui."

Walimshika mikono. Mlangoni aligeuka, machozi yanamtiririka.

"Mwambie mama nitachelewa."

"Sawa, dada," alijibu Fundi.