Aliyepanda Farasi wa Naliaka

Wanaotaka majini ya makaburini na ya usiku wa manane waende kwingine. Hii ni ya mwaka huu, hapa Nakuru, mchana kweupe, mbele ya supamaketi iliyojaa watu, na asiyeamini shauri yake.

Ilianza na tandiko lenye joto. Naliaka alikuwa na vyombo vitatu vya kubembeza watoto pale mlangoni: gari jekundu, ndege, na farasi mweupe wa plastiki aliyemnunua kwa Nasim, mjane wa Yusufali, duka lao la mjini lilipofungwa. Unatia sarafu ya shilingi ishirini, farasi anayumba mbele na nyuma, spika ya kifuani inaimba, mtoto anacheka dakika tatu, basi. Asubuhi moja ya Julai, ile baridi ya kuuma masikio, Naliaka alimvua farasi turubai, akaweka mkono kwenye tandiko apanguse vumbi, akaurudisha haraka. Lilikuwa na joto la kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

"Ogola, nani alikuwa amekaa hapa?" alimuuliza askari wa mlangoni.

"Mama Shantel, hata supa haijafunguliwa. Nani akae, mimi?"

Ogola alikuwa na kilo mia na ushei. Wakacheka, yakaisha.

Naliaka akafanya kama kila siku. Alitia sarafu yake mwenyewe, akamwacha farasi ayumbe kiti kitupu, muziki uite watoto. Wenye kazi hii wengi hufanya hivyo. Mtoto akisikia wimbo anamvuta mamake sketi, na biashara imeanza. Hakuna aliyewahi kumwambia kuna ubaya.

Wa kwanza siku hiyo alikuwa Ankita, kasichana ka miaka mitatu. Alipandishwa, akakaa kidogo, akaanza kulia akinyoosha mikono ashushwe.

"Kuna mtu amenipakata," alisema.

Mamake alicheka, lakini hakumrudisha tena. Naliaka alinusa hewa. Palikuwa na harufu ya ubani, na chini yake harufu ya nywele zilizoungua.

Aliyempenda farasi huyo alikuwa Shantel, bintiye Naliaka, mtoto pekee, miaka minne. Huyo alikuwa na mdomo, ahaa! Aliamka akiongea na kulala akiongea, hata uji ulipoa akiuhadithia. Nasari ilifunga saa sita, kwa hivyo mchana alishinda pale kwa mamake, na wateja wakipungua alipanda farasi bure. Jumatatu iliyofuata sauti yake ilikwaruza. Jumatano alitaka maji akakosa neno, akaonyesha kwa kidole. Daktari alimulika koo, akasema ni safi kabisa. Ijumaa Shantel alifungua mdomo na ikatoka pumzi tu.

Alasiri hiyohiyo, wimbo wa farasi ulikatika katikati, na spika ikauliza, "Mama, leo tunakula nini?"

Naliaka aligeuka. Shantel alikuwa amesimama kando yake, midomo imefungwa, machozi yanamtiririka, na sauti ile ilikuwa yake, ileile inayosema "lafiki" badala ya "rafiki", ikicheka sasa ndani ya kifua cha plastiki. Naliaka alirukia waya akang'oa plagi ukutani. Farasi hakusimama. Aliendelea kuyumba, polepole, kama mtu aliyestarehe, na tandiko lilikuwa limebonyea.

Alienda moja kwa moja kwa Nasim, mtoto mgongoni. Mama huyo alifungua mlango nusu, akamtazama Shantel, akashusha sauti.

"Naliaka, wewe uliendesha hiyo farasi kiti kitupu?"

"Kila asubuhi. Si ndio naita watoto?"

"Ya Allah. Baba mkwe wangu hakuthubutu hata siku moja. Asubuhi anaweka pakiti ya unga kwa kiti, anaifunga mkanda, ndio awashe. Sisi tulimcheka sana. Alisema kiti kikibembea bila mtu ni kama kusema karibu, na hujui unakaribisha nani."

"Na mbona hukuniambia?"

Nasim aliangalia chini. "Ningekuambia, ungenunua?"

Naliaka alitaka kumzaba kofi, nasema ukweli. Akajizuia. "Anatolewa aje?"

"Muachie farasi, uhame. Pengine atarudisha sauti kidogo."

"Kidogo? Mtoto wangu anirudishie kidogo?"

"Basi kuna njia moja tu, na huyo mzee mwenyewe aliiogopa," Nasim alinong'ona. "Mtu akalie hicho kiti na asishuke mpaka huyo jini ashuke. Atakuchukulia maneno, mojamoja. Na atakuomba ushuke kwa sauti ya yule unayempenda. Ukishuka, amemaliza."

Jumamosi, saa saba mchana, Naliaka alimkabidhi Ogola mtoto, akapandisha sketi, akamkalia farasi. Mwanamke mzima, magoti karibu na masikio! Watu walicheka. Vijana walitoa simu. "Mathe, umezeeka vibaya!" mmoja alipiga kelele. Plagi ilikuwa sakafuni, kila mtu aliiona, na farasi akaanza kuyumba.

Kicheko kikakatika. Joto lilimpanda Naliaka mgongoni, mikono asiyoiona ikamzunguka kiunoni, ubani ukamjaa puani, na maneno yakaanza kumtoka, alihisi yakitoka, jina la mtaa wake, jina la samaki wa Ijumaa, jina la marehemu mamake aliyemzaa kule Webuye, moja baada ya jingine, na kila alipolitafuta alikuta pengo, na farasi akazidi kasi hadi boliti zikalia, na ndipo kutoka kifuani mwa farasi, chini ya magoti yake, mtoto akaanza kulia.

"Mama, shuka. Mama, naumia. Mama, kwani hunipendi?"

Mguu wa kulia ulishaanza kuteremka wenyewe, lakini akainua macho, akamwona bintiye mikononi mwa Ogola, kimya, amekunja ngumi mbili ndogo, anatikisa kichwa: hapana, hapana.

Naliaka akaurudisha mguu.

"Wewe huna mama hapa!" alifoka. "Mwenye hiyo sauti ni yule pale! Hii farasi nimelipia, stima nimelipia, ushuru wa kanjo nimelipia. Wewe umelipia nini? Dakika tatu zako ziliisha zamani. Chukua unachotaka, mimi sitoki. Shuka!"

"Shuka!" Ogola akanguruma, sijui kama alielewa. Na umati ule, uliokuwa ukicheka, ukaitikia, "Shuka! Shuka!"

Mikono ikamkaza hadi pumzi ikagoma. Kisha ikaachia. Tandiko likapoa ghafla, farasi akakwama katikati ya mwendo, na kitu kikapita katikati ya watu, ambao wote waliruka kando bila kuambiwa, kikaelekea barabarani.

"Mama!" mtoto aliita. Sauti ilikuwa kavu, lakini ilitoka mdomoni mwake. "Mama, chupi yako inaonekana!"

Naliaka alishuka akicheka na kulia, akamkumbatia, akafungua mdomo amwite jina. Hakulikuta. Mengine yalikuwa yanarudi, Webuye, mamake, samaki, lakini pale penye jina la mwanawe hapakuwa na kitu. Jini alikuwa ameondoka nalo.

Alimweka mtoto mbele yake, akamshika mabega.

"Unaitwa nani?"

"Mama, jamani! Shantel!"

"Sema tena."

"Shantel!"

Mpaka leo, kila akilala jina hilo humtoka. Na kila asubuhi Naliaka humwamsha mtoto, humuuliza, na mtoto hulitaja kwa kelele hadi majirani wanagonga ukuta. Wagonge tu.