Maharage Yaliyolala Kikapuni

Jiko la Mama Cherehani lilikuwa jeusi, tena si weusi wa kawaida. Paka mweusi akiingia mle, alionekana kama amemwagiwa unga. Halikuwa na dirisha wala bomba la kutolea moshi. Moshi ulizunguka humo ndani, ukachoka, ukakaa. Watoto walisema ungeweza kuukata kwa mkasi ukashonea mto wa kulalia.

Mama Cherehani alikuwa fundi wa kushona nguo. Alishonea sebuleni, karibu na mlango. Wateja walimjua kwa mshono wake ulionyooka na kwa kikohozi chake. Kikohozi kilifika mlangoni kwanza, yeye akafuata.

"Dada, unakohoa hivyo una nini?" wateja waliuliza.

"Nina jiko," alijibu. "Nikipika nakohoa. Nikishona nakohoa kilichobaki."

Basi siku fundi mwashi alipoingia uani na nyundo yake, Mama Cherehani alimpokea kama bwana harusi. Kazi ilikuwa kubomoa ukuta mmoja, kuweka dirisha kubwa, kujenga bomba la moshi, na kumimina meza ya saruji ya kupikia.

"Utamaliza lini, fundi?" aliuliza mumewe. Mumewe alikuwa dereva wa lori, na mtaa mzima ulimwita Dereva. Alikuwa mtu wa utani, lakini tumbo lake halikujua utani.

"Jumamosi nitakuwa nimefunga kazi. Halafu mtaiacha saruji ikauke, mkiimwagia maji kila siku. Ukiwasha moto juu ya saruji mbichi, inapasuka. Kisha mnaniita mimi tapeli."

"Na sisi tutapikia wapi?"

Fundi akacheka. "Mimi ni wa kujenga jiko, mzee. Kula ni kazi yenu."

Dada yake Dereva alikuja kutazama. Aliishi nyumba ya tatu kutoka hapo, na hakuna kilichobomoka mtaani bila yeye kufika. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Wifi, umebomoa jiko kabla hujajua utapikia wapi? Kaka yangu atakonda hadi usukani umvae yeye!"

"Tutafika tu, wifi."

"Haya. Nitakuja kuhesabu mbavu."

Mama Cherehani aliweka jiko la mkaa uani, kati ya lundo la mchanga na rundo la matofali. Akateleka maharage makavu, hakuyaloweka. Akaenda kushona. Upepo ukavuma, moto ukalala. Akatoka kupuliza. Mteja akaita, akarudi ndani. Fundi akagonga ukuta, vumbi likatua kwenye sufuria. Ikawa hivyo kutwa nzima.

Jioni sahani zikafika mezani. Mtoto wao wa mwisho, waliyemwita Kipusa, akachukua harage moja, akaligeuza kwa vidole.

"Mama, leo umetupikia vifungo vya shati?"

Dereva akatafuna. Majirani walisikia kishindo, wakadhani fundi bado anavunja ukuta.

Akaweka kijiko chini. Hakucheka.

"Mama watoto, kazi yangu ni ya barabarani. Siwezi kulala na kokoto tumboni. Nikikuta tena sahani kama hii, fundi anaziba tundu lake, tunarudi kwenye jiko la zamani. Lilikuwa jeusi, lakini lilikuwa linaivisha."

Mama Cherehani akageuka kuutazama ukuta uliobomolewa. Dirisha lilikuwa bado tundu. Bomba halijaanza kujengwa. Kurudi nyuma ilikuwa kurudi kwenye moshi, tena kwa miaka mingi. Akakohoa, akakusanya sahani.

Kesho yake mvua ilianguka kama imesukumwa. Mama Cherehani akalibeba jiko la mkaa, likiwa linawaka, akaliweka sebuleni. Akafunga mlango na madirisha ili nguo za wateja zisilowe.

"Mkaa umeshika vizuri," alijisemea. "Hauna moshi. Hauna neno."

Akakaa kushona. Baada ya muda kichwa kikawa kizito. Akataka kutunga uzi, akaona sindano mbili, na alikuwa ameshika moja. Kipusa alikuwa amejilaza kwenye mkeka.

"Mama, kichwa kinaniuma. Nataka kulala."

"Lala, mwanangu. Hata mimi nasikia usingizi."

Bahati nzuri, wakati huo jirani yao alikuja kuchukua gauni lake. Alikuwa mkunga, amezalisha nusu ya mtaa, na nusu nyingine aliizalishia watoto. Alisukuma mlango bila kungoja hodi ijibiwe. Akaliona jiko. Akayaona madirisha.

"Tokeni nje! Sasa hivi!"

Akambeba Kipusa begani, akamvuta Mama Cherehani mkono, akawaketisha kibarazani penye upepo. Kisha akarudi mbio, mtandio puani, akafungua madirisha yote na kulitoa jiko. Kipusa akatapika. Mkunga hakungoja mvua ikatike. Aliwapeleka zahanati hivyo hivyo, wakiwa wameloa chapachapa. Huko walipewa hewa safi ya mtungi, wakapimwa, wakaangaliwa hadi vichwa vikatulia.

Waliporudi, Mama Cherehani aliuliza, "Lakini Bi Mkunga, mbona hakukuwa na moshi?"

"Hapo ndipo panapodanganya watu. Mkaa unaowaka unatoa hewa ya sumu. Huioni, wala hainuki. Ukifunga dirisha, unaivuta wewe na wanao. Kichwa kinauma, unapata kizunguzungu, unataka kulala. Ukilala, unaweza usiamke. Jiko la mkaa halikai ndani, mwanangu. Mvua inyeshe, baridi ing'ate, halikai ndani!"

Dereva alikuwa ameshafika, amesikia yote. Alimkumbatia Kipusa mpaka mtoto akalalamika kwamba anabanwa.

"Basi, imetosha," alisema. "Nilikuwa na njaa, sasa nina hofu. Kesho fundi anaondoka."

"Baba watoto, nipe mpaka kesho mchana," alisema Mama Cherehani. "Moto hautaingia ndani tena. Na ukikuta chakula kibaya, mwondoe fundi. Sitasema neno."

Dereva alimtazama mkewe. "Kesho mchana. Si zaidi."

Dereva alipoingia ndani, mkunga alimsogelea Mama Cherehani.

"Niambie, mtoto mchanga akizaliwa tunamfanyaje?"

"Mnamfunika."

"Tunamwashia moto chini yake?"

"Bi Mkunga! Mungu apishe mbali!"

"Hapana, siyo? Ana joto lake. Tunalizuia tu lisitoke. Na sufuria iliyochemka ni hivyo hivyo. Ina joto la kutosha kumalizia kazi. Wewe unaliacha litoroke, halafu unalitafuta tena kwa mkaa. Una kikapu kikubwa?"

"Ninacho."

"Na matambara?"

Mama Cherehani akaangua kicheko. Chini ya meza yake ya kushonea kulikuwa na magunia ya mabaki ya vitambaa. Kila mwaka aliapa kuyachoma.

"Bi Mkunga, kwa matambara ninaweza kuuvisha mtaa na mbuzi wake!"

Jioni ile akaloweka maharage kwenye maji mengi safi. Kisha akakaa kwenye cherehani. Alishona godoro nene la kuzunguka kikapu kwa ndani, na mto mnene wa kufunikia juu. Akavijaza mabaki hadi vikavimba.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Jiko liliwashwa kibarazani, nje kabisa, mbali na vumbi la fundi. Maji ya kulowekea yakamwagwa, yakawekwa mapya, sufuria ikakaribia kujaa. Mkunga alisimama juu yake kama yuko kazini.

"Yachemke kwa nguvu, si kwa kunong'ona. Robo saa na zaidi kidogo, mfuniko uruke. Maharage yasiyochemka sawasawa yanaumiza tumbo. Haya, sasa! Funika vizuri, lisitoke joto. Kikapuni, upesi upesi!"

Sufuria ikaingia kikapuni ikiwa bado inabubujika. Mto ukawekwa juu, ukakandamizwa.

"Sasa usimchungulie. Ukifunua kila saa, joto linakimbia."

Mama Cherehani akashona asubuhi nzima bila kupuliza moto hata mara moja. Alimaliza gauni na sketi, na kikohozi kilimsahau kidogo. Karibu na mchana akachemsha wali muda mfupi tu pale kibarazani, akazima jiko. Kikapu kilikuwa kimeshajaa. Basi akaifunga sufuria ya wali kwa blanketi la Dereva, akailaza kitandani.

"Hodi!" Wifi huyo, kanga mabegani, tayari kuhesabu mbavu. Kipusa akamwamkia, akaitikia marahaba huku akikagua kibaraza. Akasogeza mkono juu ya jiko.

"Wifi, moto uko wapi?"

"Umezimwa."

"Na chakula?"

"Kimelala."

"Kimelala! Kaka yangu yuko njiani, na humu ndani kila kitu kimelala!" Akaenda moja kwa moja hadi mlango wa chumbani, akachungulia. Ghafla akapiga ukelele uliomfanya fundi adondoshe mwiko wake. "Wifi! Nani huyo amelala kitandani kwa kaka yangu?"

Dereva ndiyo kwanza alikuwa anaingia. Alisimama wima. "Nani amelala wapi?"

"Wali," alisema Mama Cherehani.

Dereva akaenda, akalifunua blanketi, akainua mfuniko. Mvuke ukamvaa usoni. Akamtazama dada yake. Akamtazama mkewe.

"Na huyu ana mwenzake kikapuni," alisema mkunga, aliyekuwa amekuja makusudi asikose tamasha.

Mto ukaondolewa. Mama Cherehani akashika sufuria kwa kitambaa kinene, maana ingali ya moto wa kuunguza.

"Vizuri. Ungeikuta vuguvugu, ungeirudisha motoni ichemke tena kabla ya mtu kuonja," alisema mkunga. "Hii iko sawa. Pakueni."

Sahani zikajaa. Dereva akatia kijiko mdomoni. Watoto wakamtazama. Wifi akamtazama. Fundi naye alichungulia kwenye tundu la dirisha, maana kazi yake ilikuwa juu ya kijiko kile.

Dereva akatafuna. Safari hii hakuna jirani aliyesikia. Maharage yaliyeyuka kama yameombwa radhi.

"Fundi!" aliita.

"Naam, mzee," fundi akajibu kwa sauti ndogo.

"Ingia ule. Mtu hajengi bomba la moshi na tumbo tupu."

Mama Cherehani akapiga kigelegele. Alipiga kirefu, hadi mwisho, na hakukohoa katikati.

Jumamosi fundi alifunga kazi. Saruji ilipewa maji na muda wake wote, kikapu kikilisha nyumba. Siku moto ulipowashwa jikoni kwa mara ya kwanza, moshi ulipanda kwenye bomba, ukatoka juu ya paa, ukaenda zake. Mama Cherehani alisimama uani akiuaga kwa mkono kama mgeni aliyekaa kupita kiasi. Wiki baada ya wiki, kikohozi kikapungua. Wateja wakaanza kulalamika kwamba siku hizi anawashtua, anatokea mlangoni bila taarifa.

Wifi alikuja siku moja amebeba kikapu kitupu. Alikiweka juu ya meza ya kushonea, akatazama pembeni.

"Nishonee na mimi, wifi. Godoro liwe nene kuliko lako."

Dereva je? Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye lori, yeye ndiye anayekandamiza mto juu ya sufuria. Kipusa alimsikia akiinama na kunong'ona:

"Lala vizuri. Tutaonana mchana."